Sura ya Saba: Mbavu Zilizosahau Kufunguka

Barabara inayotoka Muze kwenda Ntendo huparamia ukingo mkali uitwao Lyamba lya Mfipa. Chini linabaki bonde la Ziwa Rukwa na joto lake. Juu kuna Ufipa, nchi ya nyasi na upepo, ambako mwezi Juni watu huvaa masweta hata mchana. Katika safari hiyo fupi gari hupanda takriban mita 1,000. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pumzi ya mtu aliyeko Dar es Salaam. Mwenye mapafu mazima hupita bila kulijua hilo. Mgonjwa wa kifua hulijua kabla hajateremka kwenye gari: mabega yameshapanda, midomo imefunguka, na maneno yanamtoka mawili mawili.

Sura hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya wanaomuuguza. Sitazungumzia sana dawa. Nitazungumzia misuli ya kifua na mgongo, kwa kuwa hilo ndilo eneo la ugonjwa wa mapafu ambalo mgonjwa anaweza kulishughulikia leo, nyumbani kwake, na ndilo tunalolisahau kuliko yote.

Ugonjwa unaoonyesha waziwazi zaidi jinsi kifua kinavyoweza kumbana mwenyewe ni sistiki faibrosisi. Mtoto huzaliwa nao baada ya kurithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama, ingawa wazazi wenyewe hawaumwi. Jeni hiyo, iliyoko kwenye kromosomu ya 7, ilitambuliwa mwaka 1989 na timu za Lap-Chee Tsui na Jack Riordan wa Toronto na Francis Collins wa Michigan. Kazi yake ni kuagiza protini inayopitisha chumvi kwenye kuta za seli, na maji hufuata chumvi. Protini hiyo ikiharibika, ute wa mapafuni hukauka na kunata, bakteria huweka makazi humo, na kikohozi hakikomi. Kongosho nalo huziba. Mafuta ya chakula hayasagwi, choo kinakuwa cha mafuta na chenye harufu kali, na mtoto hula sana bila kunenepa. Jasho lake lina chumvi kupita kiasi. Mama huionja anapombusu kwenye paji la uso. Daktari Paul di Sant'Agnese aliwaona watoto wa namna hiyo wakizidiwa na joto kali lililoikumba New York mwaka 1948, na mwaka 1953 yeye na wenzake wakatangaza habari ya chumvi ya jasho. Mpaka leo kipimo kikuu cha ugonjwa huu ni jasho. Mtoto kama huyo akishushwa kwenye joto la bonde la Rukwa bila kuongezewa chumvi na maji, anaweza kuzidiwa kwa saa chache.

Je, Ufipa ina watoto hao? Kwa miaka mingi vitabu vya tiba viliuandika kuwa ugonjwa wa watu wenye asili ya Ulaya, na ni kweli kwamba huko ndiko unakoonekana zaidi. Lakini watoto weusi nao wanaupata. Afrika Kusini wagonjwa wameshachunguzwa vya kutosha hata ikajulikana badiliko la jeni linaloongoza miongoni mwa weusi, tofauti na lile linaloongoza Ulaya. Mahali ambapo kipimo cha jasho hakipatikani, mtoto anayekohoa na kukonda atatibiwa nimonia, kisha kifua kikuu, kisha utapiamlo. Simlaumu tabibu wa zahanati. Hayo matatu ndiyo anayokutana nayo, na kuyafikiria kwanza ni sahihi. Ninachoomba ni kwamba nimonia ikimrudia mtoto yuleyule mara kwa mara, choo chake kikiwa cha mafuta na kaka au dada yake akiwa alikufa kwa dalili hizohizo, basi swali la sistiki faibrosisi liulizwe, na mtoto aandikiwe rufaa ya kwenda hospitali ya kanda kule Mbeya au mbali zaidi.

Dawa mpya zinazorekebisha protini yenyewe zipo. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2012, na ile yenye nguvu kuliko zilizoitangulia, ya mchanganyiko wa dawa tatu, mwaka 2019. Bei yake ilitangazwa huko kuwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Ni jambo la kuumiza moyo kwamba tiba iliyobadilisha maisha ya vijana wa Ulaya na Amerika haijafika kwa watoto wetu, na anayesema ni mapema mno kuidai angekaa usiku mmoja na mama anayemwinua mtoto ili apate pumzi. Lakini usiku huo mama huyo anahitaji pia kitu cha kufanya kwa mikono yake.

Na hayuko peke yake. Kifua cha mgonjwa wa sistiki faibrosisi hukaza kwa njia zilezile zinazokaza kifua cha mtu aliyebaki na makovu ya kifua kikuu, cha mwenye njia za hewa zilizotanuka na kujaa makohozi, cha mwenye pumu ya miaka mingi, na cha bibi aliyepikia kuni katika jiko lisilo na dirisha tangu utoto. Watu hao mkoani Rukwa wamejaa. Ninawaweka wote katika sura moja kwa sababu mbavu haziulizi jina la ugonjwa.

Waliopona kifua kikuu wananigusa kwa namna ya pekee, maana Tanzania ina nafasi ya heshima katika historia ya ugonjwa huo. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, na mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia ambaye yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu alipofungwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Styblo na wenzake wa Tanzania walifanya jambo ambalo nchi nyingi tajiri zilikuwa hazijalifanya vizuri: kumfuatilia kila mgonjwa aliyeandikishwa daftarini mpaka ijulikane amepona, amekufa au ametoroka dawa. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza mfumo huo ulimwenguni kote. Maelfu kwa maelfu wako hai kwa sababu ya daftari lile.

Lakini daftari humalizika makohozi yanapokuwa safi. Mtu anaandikwa "amepona", anapewa mkono, anarudi Laela au Matai, na mwezi unaofuata anagundua kwamba hawezi kupandisha ndoo ya maji kutoka mtoni bila kusimama njiani. Anarudi zahanati, anapimwa tena, hana vimelea. Majirani wanaanza kunong'ona. Ugonjwa umeondoka kweli, ila umeacha pafu lenye kovu na ubavu mmoja uliolala. Wataalamu wa dunia walikutana kwa mara ya kwanza kulijadili tatizo hili peke yake mwaka 2019, huko Stellenbosch, Afrika Kusini. Waganda walikuwa wameshaanza. Mjini Kampala, kikundi cha Bruce Kirenga wa Makerere pamoja na Rupert Jones wa Uingereza kiliwachukua watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kifua kikuu na kuwapa mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Walioanza walikuwa 34, waliomaliza 29. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: watu walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo, na maumivu ya kifua yakapungua. Hakuna kovu hata moja lililofutika. Miili iliyolizunguka kovu ndiyo iliyobadilika.

Kwa nini hilo liwezekane? Watu wengi huamini kwamba kifua hutanuka kwa sababu hewa imeingia. Ni kinyume chake. Kifua hutanuka kwanza, nafasi ya ndani huongezeka, shinikizo hushuka, ndipo hewa huingia. Mapafu hayana msuli wa kujivuta yenyewe. Yanafuata tu ukuta ulioyazunguka. Ukuta huo ni jozi 12 za mbavu. Nyuma kila ubavu umeshikana na uti wa mgongo kwa maungio madogo, na mbele nyingi huishia kwenye kidari kwa njia ya gegedu. Ukivuta pumzi, mbavu za juu huinuka kuelekea mbele, na zile za pembeni hupanda na kutoka nje kama mshikio wa ndoo unapoinuliwa. Chini kabisa kipo kiwambo, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, nacho hushuka. Mtu anayevuta pumzi mara 15 kwa dakika hufanya hivyo mara 21,600 kwa siku. Ni maungio machache mwilini yanayofanya kazi namna hiyo, na ndiyo maana yakikaza kidogo tu gharama yake ni kubwa.

Sasa tuone yanavyokaza. Njia za hewa zikijaa makohozi, hewa huingia kwa urahisi kuliko inavyotoka. Nyingine hubaki ndani. Taratibu kifua huzoea kukaa kimeinuka na kujaa, hakishuki tena sawasawa, na kiwambo kinabanwa chini kikawa bapa, hakina pa kwenda. Hapo misuli ya shingo na mabega inaitwa kusaidia. Utaiona: kamba mbili zimesimama shingoni kila anapovuta. Misuli hiyo iliumbwa kwa dharura, kumkimbia ng'ombe aliyekasirika, basi. Ikifanya kazi mchana na usiku huchoka, huuma na kufupika. Kwa aliyebaki na kovu la kifua kikuu mambo ni tofauti kidogo: upande ulioumia husinyaa, mbavu zake husogeleana, na mgongo huanza kuinamia upande huo.

Juu ya hayo yote kuna kikohozi. Jaribu kukohoa sasa hivi ukiwa umejishika tumbo na kidari. Mwili mzima unajikunja kwenda mbele. Mgonjwa anayekohoa mamia ya mara kwa siku, kwa miaka, anajikunja mamia ya mara kwa siku. Misuli ya mbele inafupika, ile ya mgongoni inavutika na kudhoofika, na kibiongo kinaanza kuonekana hata kwa kijana wa miaka 15. Katika sistiki faibrosisi mifupa nayo huwa dhaifu kwa sababu vitamini D na K haziingii mwilini vizuri pamoja na mafuta yaliyokataa kusagwa.

Kuna sababu nyingine ya maumivu ya mgongo, na naiona ya ajabu. Kiwambo kina kazi mbili: kupumua, na kusaidia kuushikilia uti wa mgongo usiyumbe mikono inapofanya kazi. Mwaka 2001 Paul Hodges na wenzake wa Australia walionyesha kwamba haja ya hewa ikizidi, ile kazi ya kuushikilia mgongo hupungua. Mwili unachagua pumzi. Mtaalamu wa fiziotherapia wa Marekani, Mary Massery, aliliweka wazo hilo katikati ya matibabu ya wagonjwa wa sistiki faibrosisi katika makala yake ya mwaka 2005: usitibu pafu huku ukiuacha mgongo, kwa sababu vyote viwili vinagombania misuli ileile.

Mtie mgonjwa wa kifua katika siku ya Ufipa. Alfajiri amekaa kwenye kigoda mbele ya mafiga, magoti yamefika kidarini, anapuliza moto. Jiko limefungwa kwa ajili ya baridi, moshi umejaa. Baadaye yuko shambani. Mfipa ni mkulima hodari. Babu zake walibuni matuta ya duara ambamo nyasi hufukiwa zikaoza na kuwa mbolea, na hata leo ambapo majembe ya kukokotwa na ng'ombe yameenea, mkono haujaacha jembe. Kuinama ni saa nyingi. Mama ana mtoto mgongoni, kitenge kimekatiza kifuani na kufungwa kwa nguvu, mbavu za mbele hazina ruhusa ya kutoka. Wakati wa kupukuchua mahindi na kupura maharage kuna vumbi. Jioni baridi inashuka kutoka milima ya Mbizi, kila mtu amejikunyata ndani ya blanketi, mabega yamegusa masikio. Hakuna hata saa moja katika siku hiyo ambayo kifua kinapewa nafasi ya kufunguka mpaka mwisho wake. Hiyo saa ndiyo tunayotaka kuitafuta, na kwa kweli dakika 15 zinatosha.

Ngoja jua lipande. Saa nne asubuhi mwili una joto, na misuli baridi haipendi kuvutwa. Mgonjwa azunguke uani kidogo, anywe maji, na kama ameandikiwa pampu ya pumu aitumie kwanza. Asianze akiwa ameshiba ugali. Tumbo lililojaa hukizuia kiwambo kushuka.

Tandika mkeka. Viringisha kitenge au shuka mpaka liwe nene kiasi cha kifundo cha mkono, ulilaze kwa urefu, kisha mgonjwa alale chali juu yake ili liwe chini ya uti wa mgongo, kuanzia chini ya shingo hadi kiunoni, kichwa nacho kikiwa na mto mdogo. Magoti yakunjwe, nyayo zikae chini. Mikono ifunguke pembeni, viganja vikitazama juu. Asifanye chochote zaidi. Uzito wa mikono unatosha kuivuta misuli ya kifuani, na mtu yeyote asimkandamize mabega. Atoe pumzi polepole, ndefu kuliko alivyoivuta, mdomo ukiwa umebanwa kidogo. Dakika 2 zinatosha siku za mwanzo, 5 akishazoea. Wapo ambao wakilala chali pumzi inakatika. Hao waegemee magunia au mito iliyopangwa mpaka wafike mahali wanapoweza kupumua, na zoezi ni lilelile.

Zoezi ninalolithamini kuliko mengine ni la ubavuni, kwa kuwa ubavu ndio unaotanuka sana na ndio unaosahaulika. Mgonjwa akae kwenye kiti au kigoda kirefu, nyayo zimetulia. Mkono wa kulia upite juu ya kichwa, mwili uiname kushoto, tako la kulia lisinyanyuke. Mbavu za kulia sasa zimeachana. Abaki hapo kwa pumzi 4 au 5 za taratibu, sekunde 20 hadi 30 hivi, na kila anapovuta aipeleke hewa pale panapovutika. Hapa msaidizi ni wa thamani kubwa. Mjukuu aweke kiganja ubavuni na kusema, "Babu, vuta pumzi usukume mkono wangu." Babu atajibu, "Hapo hapafunguki, mjukuu wangu." Wala mjukuu asibishane naye juu ya huo ubavu. "Basi tuusubiri hapo hapo, babu." Kiganja hakisukumi, kinaonyesha mahali tu, na ubongo uliokuwa umelisahau eneo hilo unaanza kulikumbuka. Kwa mwenye kovu upande mmoja, upande uliolala upewe muda mara mbili.

Mgongo wa juu unapenda kuzungushwa. Fimbo ya kuswagia ng'ombe ipitishwe nyuma ya shingo, ilale juu ya mabega, mikono iishike pande zote mbili. Akiwa amekaa, ageuke kulia polepole huku akitoa pumzi, arudi katikati akivuta, kisha kushoto. Kiuno kisigeuke, kifua kigeuke. Mzee au mtu aliyetumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu aende nusu ya anakoweza, kwa sababu ya mifupa. Mwimo wa mlango nao unafaa: mkono mmoja mmoja, kiwiko usawa wa bega, hatua moja mbele, kifua kinafunguka. Na mwisho apige magoti mbele ya kitanda, anyooshe mikono juu ya godoro, arudishe makalio nyuma mpaka asikie mgongo na makwapa yanavutika, na apumue kwa nyuma, mbavu za mgongoni ziinuke. Watu wengi hawajawahi kujua kwamba mgongo nao hupumua. Wakiupata wanashangaa, na kukaa kwao baadaye hubadilika.

Asizuie pumzi hata mara moja katika kunyoosha huku. Kuvutika kunaruhusiwa, maumivu makali hayaruhusiwi.

Mara tu baada ya kunyoosha ndipo wakati mzuri wa kutoa makohozi, kwa kuwa kifua kimelegea na hewa inaweza kupita nyuma ya ute. Wataalamu wa hospitali ya Brompton mjini London waliendeleza mzunguko mzuri wa kufanya hivyo: kwanza kupumua kwa utulivu, kisha pumzi 3 au 4 za kina, kila moja ikishikiliwa kidogo juu, halafu kutoa hewa kwa nguvu ya wastani huku mdomo na koo vikiwa wazi, mara 1 au 2, bila kukohoa. Makohozi yakisikika yamefika juu, kikohozi kimoja kinayatoa. Kukohoa mfululizo mpaka macho yatoke hakuleti faida. Huzibana njia za hewa na kumrudisha mtu kwenye kule kujikunja tulikotaka kumtoa. Atemee kwenye kopo lenye mfuniko, si chini.

Ushahidi wa haya umefika wapi? Japani, katika Chuo Kikuu cha Showa, watafiti walitunga mfululizo wa kunyoosha misuli ya kupumua na kuujaribu miaka ya 1990 kwa wagonjwa wa mapafu yaliyoziba. Kwa wiki chache kifua kikawa na mwendo mkubwa zaidi na kutweta kukapungua. Tafiti za namna hii ni ndogo, na mimi siwezi kumwahidi mtu yeyote kwamba kunyoosha kutaponya pafu. Hakuponyi. Mgonjwa wa sistiki faibrosisi bado anahitaji antibiotiki, vimeng'enya vya kusaga chakula, na mafuta mengi kwenye mboga; bahati ni kwamba alizeti ya Rukwa ipo. Kunyoosha kunapunguza nguvu anazozitumia kupata pumzi moja, na nguvu hizo zinabaki kwa ajili ya kutembea, kula, kucheka. Kwa mtoto asiyenenepa, hata hilo ni chakula.

Yako mambo ya kumzuia mtu asianze. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi na hajapimwa kifua kikuu aende akapimwe. Vipimo na dawa vinatolewa bure, na mazoezi hayashindani navyo. Anayetema damu, aliyevunjika ubavu, aliyepatwa ghafla na maumivu makali ya upande mmoja pamoja na kukosa pumzi, mwenye homa kali, mwenye midomo iliyogeuka rangi ya majivu: hawa ni wa hospitali, na ni leo.

Watoto usiwape mazoezi, wape michezo. Kuning'inia kwenye tawi la chini hufungua kifua kuliko mafunzo yoyote. Kutambaa, kurusha mpira kwa mikono miwili kutoka juu ya kichwa, kuogelea kule Kasanga, Ziwa Tanganyika, mahali ambapo kuna mtu mzima wa kuwatazama. Na kuimba. Ufipa ina kwaya karibu kila kigango, na mwanakwaya hujifunza, pasipo kuambiwa kwamba ni tiba, kusimama wima, kuvuta pumzi ya haraka na kuitoa taratibu mpaka mwisho wa mstari. Brompton wamewaimbisha wagonjwa wa mapafu kwa miaka mingi sasa. Mtoto anayekohoa huwa anaambiwa atoke kwaya asiwasumbue wenzake. Akishathibitika hana kifua kikuu, ningemrudisha, na ningemweka mstari wa mbele.

Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, na chuo chao kinachojulikana zaidi kiko KCMC, Moshi, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii itabidi ifanywe na muuguzi wa zahanati na mhudumu wa afya wa kijiji, nao wanaiweza. Chombo cha kwanza ni tepu ya fundi cherehani. Izungushwe kifuani usawa wa chuchu, mgonjwa atoe hewa yote, upime. Avute mpaka mwisho, upime tena. Kwa mtu mzima mwenye afya tofauti huwa mara nyingi sentimita 4 hadi 7. Ikiwa chini ya 2.5, mbavu zimekaza. Kadi ya kifua kikuu ina nafasi ya kuandika uzito wa mgonjwa, na uzito ukipanda sote tunafurahi. Ningependa chini yake uongezwe mstari mmoja wa kipimo cha kifua, kijazwe siku ya kwanza ya dawa na siku ya mwisho, na yule ambaye namba yake haijasogea asipewe mkono wa kwaheri kabla hajafundishwa lile zoezi la ubavuni, yeye na mtu mmoja wa nyumbani kwake.